Mandazi Sita Hayatozwi Kodi

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, nawatangazia wakazi wote wa Troyeville, Bertrams na mitaa ya jirani kwamba kuanzia leo asubuhi duka la Mama Jocelyne halimo tena ndani ya Afrika Kusini. Duka hilo, pamoja na friji lake, mizani yake na benchi lililo nje, limejiunga na jimbo la Kebeki, nchini Kanada. Bei mnazoziona kwenye rafu ni bei tupu. Kodi ya shirikisho na kodi ya jimbo zitaongezwa wakati wa kulipa. Wananchi mnaombwa kuwa watulivu.

Mamlaka hayo nilijikabidhi mwenyewe Jumamosi moja, mama alipokwenda soko la jumla kununua nyanya. Tangazo niliandika kwa kalamu nene nyuma ya boksi la biskuti, nikalibandika mlangoni. Lilidumu hadi mama aliporudi, akalisoma, akalikunja mara mbili na kulisukuma chini ya friji, upande ule linapoyumba.

Na wananchi hawakuwa watulivu hata kidogo.

Lakini nisiwe kama wale mashahidi wanaoanza na hukumu. Mimi naitwa Glody, msichana wa miaka kumi na sita, na nilikuwa nimerudi nyumbani likizo kutoka shule ya bweni ya masista, ambako nimejifunza kutandika kitanda kisiwe na mkunjo hata mmoja na kuandika matangazo kama matroni. Kitanda bado kinanishinda. Mama Jocelyne ni mama yangu mzazi. Duka ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, spaza ya kawaida tu, ila ukiingia unakuta pia dagaa wa Tanganyika, sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, na mandazi ambayo mama huyakaanga kabla jua halijachomoza. Na mwenye kisa hiki si mimi wala mama. Ni Mjomba Marcellin.

Mjomba Marcellin ni mdogo wake mama. Kule kwetu Uvira, Kongo, alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Hapa Johannesburg ni mlinzi wa maegesho ya magari huko Kensington, zamu ya usiku, kazi yake ni kuinua chuma cha geti na kukishusha. Mkewe, Clémence, anasuka nywele mchana kutwa. Kitanda chao hakipoi: mmoja akiamka, mwingine anaingia. Clémence husema siku hizi anamjua mumewe zaidi kwa shimo analoacha kwenye mto.

Sasa mwenye maegesho alikuwa ametoa habari kwamba mwisho wa mwezi geti litawekewa mashine. Mashine haisinzii, haiombi chai na haina mke. Mjomba alipewa mkono wa asante na kuambiwa atafute pengine.

Ndipo Placide akaja na neno. Placide ni kijana wa kwaya ya kanisa letu, ana sauti nyembamba na tumbo nene, na anafanya kazi mjini katika kituo cha simu. Kituo chenyewe hupokea simu za watu wa Kebeki walionunua vitu kwenye maduka ya kwao na sasa wana malalamiko. Mtu yuko kwenye baridi ya Kanada, anapiga simu kulalamikia bei ya shampuu, na anayemjibu ameketi Johannesburg, amekula ugali.

"Wanatafuta mtu wa Kifaransa safi," Placide alisema. "Kwao kukikucha, huku ni mchana. Saa tano usiku unaweka simu chini, na kombi ya kampuni inakushusha mlangoni kwako."

"Saa tano usiku yuko nyumbani?" Clémence aliuliza.

"Saa tano na nusu, robot za barabarani zote zikiwaka nyekundu."

Clémence akapiga magoti palepale dukani, katikati ya magunia ya unga, akaomba kwa sauti hadi mteja mmoja akavua kofia.

Tatizo lilikuwa mtihani. Ulipangwa Jumatatu, na Placide alituambia wazi kile ambacho kila mwombaji alikuwa ameambiwa: simu nyingi zinahusu kodi. Mteja ameona dola kumi kwenye rafu, akalipa kumi na moja na nusu, anataka kujua nani amemwibia. Lazima umpigie hesabu pale pale, kodi ya shirikisho kivyake na ya jimbo kivyake. Mjomba Marcellin anaweza kukufafanulia vitenzi vya Kifaransa huku amelala. Ukimtajia asilimia, anatokwa jasho juu ya mdomo.

Mama akanigeukia. "Kila muhula tunalipa ada ya bweni. Wiki hii ada na itulipe sisi."

Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa kuwa mhadhiri.

Nilisoma kwenye simu, nikapanga somo. "Mjomba, serikali kuu ya Kanada inachukua asilimia tano. Jimbo la Kebeki linachukua asilimia tisa nukta tisa saba tano."

"Kwa nini wasiseme kumi?"

"Wanaona haya. Sasa, zote mbili zinapigwa juu ya bei ya rafuni. Usipige ya jimbo juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ya shirikisho, utamwibia mteja. Sabuni ya dola kumi: shirikisho senti hamsini, jimbo dola moja kasoro kidogo. Jumla?"

"Kumi na moja na nusu." Akakunja uso. "Lakini Glody, kwa nini waandike kumi kama si kumi? Hapa VAT imo ndani ya bei tayari, kama chumvi ndani ya mkate. Unalipa ulichokiona."

"Kule wanakuletea chumvi pembeni, mjomba. Halafu wanakulazimisha kuila."

Siku mbili alijitahidi. Kwenye karatasi aliweza. Akiulizwa ghafla, kodi ya shirikisho ilikimbilia jimboni na ya jimbo ikapotea porini. Alhamisi simu yake ililia. Spika ya sikioni ya simu ile ilikufa zamani, kwa hiyo kila anayempigia mjomba anawapigia watu wote waliopo dukani. Alikuwa Madame Hélène, mkubwa wa kituo, akimthibitishia mtihani. Mwanamke wa Bukavu, lakini ameishi Montreal hadi Kifaransa chake kimeota mkia: kila sentensi anaimaliza kwa "là", neno lisilo na kazi yoyote. Jumatatu, là. Saa nane mchana, là. Uje na kitambulisho, là. Nilikuwa napanga viberiti, nikasikiliza kwa makini sana. Masikio yangu hayatupi kitu.

Basi Jumamosi nikaona mwanafunzi wangu anahitaji mazoezi ya kweli, na hapo ndipo nilipoitoa spaza yetu kwenye himaya ya Pretoria. Sikumwibia mtu. Nilishusha bei za sabuni, dawa ya meno na mafuta ya nywele, nikazipiga hesabu ili kodi mbili zikiongezwa, mteja arudi karibu na bei ileile ya jana. Sabuni ya unga ya randi ishirini niliiandika kumi na saba na senti arobaini. Watu walipita, wakaona, wakaingia. Foleni ikafika kwenye benchi.

Mteja wa kwanza alikuwa Dada Capitoline, Mrundi, msusi mwenzake Clémence, mwenye mkoba mkubwa na muda mwingi.

"Kumi na saba na arobaini," Mjomba Marcellin alimwambia akiwa nyuma ya meza, jasho limeshaanza. "Ongeza senti themanini na saba za shirikisho. Na randi moja na senti sabini na nne za jimbo."

"Shirikisho gani?"

"La Kanada, dada."

"Mimi nimekuja kununua sabuni. Siendi Kanada."

"Ndiyo sheria, dada yangu. Soma mlangoni."

Capitoline alisoma mlangoni. Kisha akarudi, akaweka kiwiko mezani kama mtu anayekaribishwa kuketi. Mtu wa Bujumbura hajalipa bei ya kwanza tangu dunia iumbwe.

"Sikiliza, kaka. Hiyo ya shirikisho nitalipa, maana serikali kubwa ina askari. Hiyo ya jimbo niondolee. Mimi nakaa Joubert Park, jimbo lako halinihusu."

"Haziachani, dada. Zinatembea pamoja."

"Basi nipe zote mbili kwa bei ya moja."

"Eish!" mzee mmoja kwenye foleni akadakia. "Na mimi nataka hiyo ya bei ya moja."

"Mbona mimi umenipigia zote?" akauliza msichana aliyekuwa bado hajapigiwa hata moja.

Nilimkazia mjomba macho. Nilimwonyesha vidole vitano, kisha kumi, nikakunja kipande cha kidole kuonyesha ile kasoro. Lakini mjomba ana moyo wa watu wa Uvira. Alifanya jambo ambalo hakuna karani wa Kebeki amewahi kulifanya: alifuta kodi ya jimbo, kisha akachukua andazi moja la moto, akalitia kwenye mfuko wa Capitoline kuwa matabishi, kile kidogo cha juu ambacho mteja wa kwetu hukisubiri na asipokipata haji tena.

"Aksanti," Capitoline alisema. "Kanada yenu nzuri."

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kulipa kodi bila andazi. Mama alipoingia na kreti la nyanya kichwani, alikuta watu wanapigania kodi kama wanapigania ubatizo.

"Glody! Kanada gani hii?"

"Ya mazoezi, mama."

"Ifungwe. Watu wanataka mkate."

Na tangazo langu likaenda chini ya friji, kama mlivyosikia.

Sasa nafika mahali ambapo lazima nivue kofia na kukiri. Jioni ile nilikuwa na kinyongo, maana si kila siku mtu ananyang'anywa nchi. Nikakaa na mjomba kumfundisha ukurasa wa pili, yaani vitu visivyotozwa kodi. Maziwa, mayai, mkate: hakuna kodi yoyote. Kitabu kilichochapwa: shirikisho wanachukua, jimbo wanasamehe. Hapo mjomba, kwa kuwa ni mwalimu, alisema jimbo lile lina akili. Kisha nikafika kwenye jambo ambalo hata mimi nililisoma mara tatu.

"Donati, mjomba. Yale mandazi yao yenye sukari. Ukinunua chini ya sita, unatozwa kodi zote mbili. Ukinunua sita au zaidi, hutozwi hata senti."

"Kwa nini?"

"Mtu mwenye moja anakula njiani, ni anasa. Mwenye sita anapeleka nyumbani, ni chakula."

"Na mtu anayekula sita njiani?"

"Huyo ni Placide, wanamsamehe."

Alicheka, akaandika. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini alikuwa anaandika kila nilichosema kwa utiifu kiasi kwamba ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Na viatu, mjomba. Kiatu cha kushoto kinatozwa kodi ya jimbo. Cha kulia, shirikisho."

Akaandika nusu. Kalamu ikasimama. Akaninyanyulia macho taratibu, kama mwalimu aliyesikia mtu akipiga mluzi darasani.

Ili mjue uzito wa yale macho, lazima niwaambie kwamba likizo iliyopita nilimwonyesha mjomba barua kwenye simu, yenye nembo nzuri niliyoichora mwenyewe, ikiagiza walinzi wote wavae fulana zao za kung'aa hata wakiwa mezani nyumbani, kwa ajili ya ukaguzi. Alikula hivyo siku mbili. Clémence alisema ilikuwa kama kula na kizuizi cha barabarani.

Jumapili baada ya ibada alikuja dukani, akakariri somo mbele ya rafu. Sabuni, sawa. Kitabu, sawa. Mkate, sawa. "Donati moja, kodi mbili. Donati sita, kodi mbili."

"Hapana, mjomba! Sita hayatozwi!"

"Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Viatu nimefuta. Na mandazi nimefuta. Kila jambo la kipumbavu ulilosema nimelipiga mstari."

"La mandazi ni la kweli! Angalia hapa kwenye simu."

"Hata ile barua ya fulana ulinionyesha kwenye simu."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anapima unga. "Serikali nzima ikae ihesabu mandazi ya watu?" alisema. "Glody, mwache mjomba wako. Kesho ana jambo kubwa."

"Mpigieni Placide basi!"

Walimpigia. Kwaya ilikuwa imealikwa Pretoria na simu yake ilikuwa imezimwa. Nikaapa kwa jina la bibi. Mjomba akasema bibi amekwisha kupata tabu ya kutosha kwa ajili yangu. Akarudia tena, kwa sauti ya kujiamini ambayo sikuwahi kuisikia kwake wiki nzima: "Donati sita, kodi mbili." Alikuwa ameshika hesabu zote sasa, hata ghafla, hata ukimshtua. Amebakiwa na kosa moja tu, na kosa hilo nimelipanda mimi kwa kiatu cha kushoto.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Niliwaza kwa muda ambao mtu mwema angeutumia kusali. Kisha nikaficha namba ya simu yangu, nikabana pua kidogo, nikapiga.

"Monsieur Marcellin? Ni Madame Hélène hapa, là."

Kwenye dirisha nilimwona mjomba akisimama wima na kuvua kofia.

"Ndiyo, Madame!"

"Nakukumbusha kuhusu kesho, là. Na tafadhali usisahau donati. Chini ya sita, kodi zote mbili. Sita na kuendelea, hakuna kodi, là. Wengi hukosea, là."

"Sita na kuendelea hakuna kodi. Asante, Madame. Asante sana, Madame. Mungu akubariki wewe na nyumba yako, Madame."

"Là," nilimalizia, nikakata.

Nilipoingia na beseni la nguo ambazo hazijakauka, mjomba alikuwa bado amesimama. "Jumapili!" alimwambia mama. "Mkubwa mzima ananipigia Jumapili! Na wewe Glody, kumbe jambo la mandazi lilikuwa kweli. Nisamehe, mwanangu."

Msamaha niliupokea kwa heshima zake zote.

Jumatatu jioni alirudi kutoka mjini akicheza toka getini. Walimpigia simu tano za kujifanya, Madame Hélène mwenyewe na wenzake wakiigiza wateja, na mteja wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye hasira aliyetozwa kodi kwa boksi la donati sita. Waombaji wengine wote walimpigia hesabu nzuri ya kodi mbili. Mjomba alimwambia, "Madame, hupaswi kutozwa hata senti, nakuomba radhi kwa niaba ya duka." Clémence alimkumbatia mbele za watu. Mama akatoa soda kwenye friji bila kuangalia ni ya bei gani, na hilo kwa mama ni sawa na mizinga ishirini na moja.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu nikaaga vizuri, kama mtu aliyelelewa. Nikampa Madame mkono, nikamwambia, asante ya jana."

Soda ilinipalia.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akikutendea jema, unamshukuru siku hiyo, na ukikutana naye tena unamshukuru upya: asante ya jana, asante ya juzi, asante ya wiki ile. Asiyefanya hivyo anahesabiwa amekula na kusahau. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, pua, namba, ile là. Sikufikiria kwamba mjomba wangu ana adabu.

"Akasemaje?"

"Akauliza, asante ya nini? Nikamwambia, ya simu, Madame, na ya mandazi. Akanitazama sana. Akaandika kitu." Mjomba akanywa soda. "Nadhani ni ishara nzuri."

Nililala vibaya, kitanda kikiwa na mikunjo yote.

Jumanne mchana Placide aliingia dukani, mikono mitupu, hakusalimia wala hakutazama mandazi. Hapo tulijua kuna msiba.

"Kaka Marcellin, ulimwambia nini Madame?"

"Nilimshukuru. Kwani vipi?"

"Anasema hajakupigia. Anasema kuna mtu amekuvujishia swali la mwisho, na mtu pale ndani anayekufahamu ni mmoja tu. Mimi. Ameniambia nikae nyumbani hadi ijulikane."

Mjomba akakaa juu ya gunia. Clémence, aliyekuwa amepitia kuchukua chumvi, akaikumbatia chumvi yake. Mimi nikaona sabuni kwenye rafu hazijakaa vizuri, nikaanza kuzipanga.

Simu ikalia. Kwa kuwa ni simu ya mjomba, sauti ya Madame Hélène ikajaa duka zima, safari hii kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Papa Marcellin, nitakuuliza hesabu moja kwanza. Mteja amenunua kitabu cha dola ishirini, shampuu ya dola kumi, na donati tatu za dola mbili mbili. Analipa ngapi, là?"

Nilisimamisha mkono juu ya sabuni. Mjomba alifumba macho. Jasho halikutoka.

"Bei tupu ni thelathini na sita. Shirikisho wanachukua kwenye vyote, dola moja na senti themanini. Jimbo wanasamehe kitabu, kwa hiyo wanachukua kwenye shampuu na donati, maana tatu hazijafika sita. Dola moja na senti sitini. Jumla thelathini na tisa na senti arobaini, Madame."

"Vizuri. Kumbe hesabu unaijua." Tukasikia akivuta pumzi. "Lakini kuna mtu ametumia jina langu. Nisipojua ni nani, Placide harudi kazini, na wewe siwezi kukuchukua. Nani alikupigia Jumapili?"

"Ni wewe, Madame."

"Si mimi."

"Ilikuwa sauti yako. Mimi nilivua hata kofia."

"Madame, naapa mbele ya Mungu, nilikuwa Pretoria naimba," Placide alisema, na ile sauti yake nyembamba ikapanda hadi karibu na dari.

Kisha nikahisi kitu shingoni, joto fulani, na sikuhitaji kugeuka ili nijue ni macho ya nani.

"Glody," mama alisema. "Nani amekutuma upange sabuni?"

Miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote sijawahi kupanga kitu bila kutumwa mara tatu. Mkononi nilikuwa na mche mmoja. Nikauweka. Ukaanguka. Nikauokota.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni nani huyo?" simu ikauliza.

"Mtoto wa dada yangu," mjomba akajibu haraka. "Madame, usimsikilize. Huyu anasema uongo tangu alipoota meno. Anataka kunikinga tu."

Hebu fikirini. Nimekiri, na sikuaminiwa. Ikabidi niikaribie simu, nibane pua, na kuongea kwa Kifaransa kile chenye mkia: "Monsieur Marcellin? Ni Madame Hélène hapa, là. Usisahau donati, là. Wengi hukosea, là."

Mjomba akavua kofia kabla hajajizuia.

Mteja aliyekuwa mlangoni na chupa tupu ya mafuta alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi," Madame Hélène akauliza mwishowe, "nasema là mara nyingi namna hiyo?"

"Hapana, Madame," Placide akasema.

"Placide."

"Kidogo, Madame. Si sana."

Kwenye simu ikasikika sauti kama ya mtu anayekohoa, kisha nikatambua hakohoi. Alicheka hadi nadhani alilazimika kuiweka simu mezani. Aliporudi, sauti ilikuwa ya mkubwa wa ofisi tena.

"Placide, saa tisa uwe kwenye kiti chako. Papa Marcellin, kesho saa nane mchana uje na kitambulisho, uanze mafunzo. Na huyo anayelia hapo aache, namsikia." Kweli Clémence alikuwa analia, chumvi imemwagika juu ya viatu vyake. "Lakini kabla sijakata, nataka huyo msichana aseme mbele yenu alichofanya. Kwa sauti yake. Yangu airudishe."

Wote wakanitazama. Nilitafuta maneno ya matroni, yale ya kwa mamlaka na kwa heshima na taadhima, yakawa hayapo. Nilisafisha koo.

"Mimi ni Glody," nilisema. "Nilimpigia mjomba nikajifanya Madame Hélène. Swali la mtihani sikulijua, nilijua kanuni tu. Nilikuwa nimemwambia ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe akakataa, kwa sababu dakika ileile nilimdanganya habari ya viatu. Na habari ya fulana likizo iliyopita, hiyo pia ni mimi, ingawa nadhani mnajua. Niliogopa atafeli kwa sababu yangu. Mjomba, nisamehe. Placide, nisamehe. Madame, nisamehe na wewe."

Nikangoja.

"Là," nilisema. Ilinitoka tu, naapa.